Binti Yangu Ameiacha Kemia ya Mama Yake, na Mimi Nimenyamaza

Shangazi Ardis mpendwa, naomba msaada wako, na kabla ya yote naomba ubadilishe majina, langu na la mke wangu na la binti yetu, kwa sababu mke wangu husoma ukurasa wako gazetini kila Alhamisi kabla hata ya kuangalia matangazo ya vifo, na akijua ni mimi niliyeandika nitahamia gerejini nikalale na mashine ya kukatia majani.

Mimi ni dereva wa greda la theluji la kaunti wakati wa baridi, na kiangazi nafyeka majani kando ya barabara hizo hizo, chuo sikusoma, mke wangu Janelle ni muuguzi wa wodi ya wazazi kwa miaka mingi, na binti yetu wa pekee Maren amemaliza sekondari mwezi huu na amepata nafasi ya kusomea uuguzi kwenye chuo cha jimbo letu hapa Minnesota, nafasi ambayo watu wanaigombea kweli kweli, na chuo hicho kina utaratibu kwamba mwanafunzi mpya anaweza kuanza muhula wake wa kwanza ng'ambo, Agosti mpaka Desemba, halafu Januari ndipo anaingia chuoni kama wenzake, na Maren amechagua Norwei, walikotoka wazee wangu.

Sasa Shangazi, niruhusu nimsifu kidogo, najua huku kwetu kumsifu mtoto wako ni aibu, mtu akizidiwa kabisa na furaha anasema "si mbaya", lakini wewe hunioni uso kwa hiyo nasema. Huyu mtoto ni moto. Wenzake walichagua nchi kwa kuangalia picha za fukwe na vyakula, yeye alikaa na orodha ya kozi za chuo cha kule mkono huu na orodha ya chuo chetu mkono huu, akazilinganisha moja moja, hii inakubalika nyumbani, hii haikubaliki, hii inakaribia lakini waulizwe kwanza, maana kumbe ukisoma kozi kule na chuo chako kikasema hatuitambui, basi umesoma bure, ni kama ulikuwa umelala, na mtoto wa miaka kumi na minane alikuwa anawaandikia maprofesa asiowajua, wako upande wa pili wa dunia, kuwaomba mihtasari ya masomo yao, na wanamjibu! Mimi nikipiga simu ofisi ya kaunti kuomba taa ya greda sijibiwi.

Jambo lenyewe ni hili. Idara ya uuguzi ina sheria ngumu, mwanafunzi ambaye hajamaliza kemia kabla ya mwaka wa pili kuanza anapoteza nafasi yake, haahirishiwi, anarudi nyuma kugombea upya na wageni, kwa hiyo tulikubaliana Norwei asome kozi nne, kemia, takwimu, saikolojia na uandishi, zote za kumsogeza mbele, na hiyo kemia aliipata Janelle mwenyewe. Ilikuwa Februari, ametoka zamu, sare bado mwilini na kiatu kimoja mguuni, kaketi kwenye kompyuta ya jikoni, mara nasikia anapiga kelele, "Verlyn! Njoo uone! Nimeipata, inafanana na ya kwetu kama pacha!" na akanishika mikono akanichezesha mbele ya jokofu, Shangazi, tangu harusi yetu sijacheza na mke wangu, na yeye si mtu wa kucheza.

Basi wiki mbili zilizopita mimi na Maren tuko kwenye gari tunaelekea ziwani kuvua, ananiambia hivi hivi, bila kupepesa macho, "Baba, nimeitoa kemia."

"Umeitoa wapi?"

"Kwenye masomo yangu ya Norwei. Nimeweka lugha, Kinorwei."

Nusura nilipeleke gari mtaroni. Nikamwambia, "Wewe mtoto wewe, na nafasi yako?"

"Kemia nitaisoma kiangazi kijacho hapa nyumbani, kwenye chuo kile cha miaka miwili. Kambini sitaenda."

Na ujue, Shangazi, kambi ya watoto pale ziwani anaifanyia kazi kila kiangazi, anaipenda kuliko Krismasi, watoto wanamlilia akiondoka.

"Na mama yako anasemaje?"

"Usimwambie Mama."

"Si umwambie mwenyewe?"

Akaangalia nje, akasema, "Baba, Mama ndiye aliyeipata ile kozi," halafu akaanza kuniuliza habari za chambo, mtoto ananikwepa waziwazi, na mimi nikamwacha anikwepe.

Nilinyamaza kwa sababu nadhani najua ni kwa nini ameweka hiyo lugha. Tuna shangazi wa marehemu mama yangu, anaitwa Borghild, ana zaidi ya miaka tisini, yuko peke yake kwenye shamba la ukoo bondeni kule Norwei, na kila Jumapili anapiga simu. Mama alipokuwa hai walikuwa wanaongea na kucheka, sasa mama hayupo, simu ikilia napokea mimi, bibi anaongea, anaongea, na mimi nasema ja, ja, yaani ndiyo, ndiyo, maana ndilo neno pekee la Kinorwei ninalolijua, na yeye anajua kwamba sielewi na bado anaendelea, na Maren hukaa pembeni anasikiliza yote. Siku moja aliniambia, "Baba, anakusimulia kitu. Nani anajua kama si jambo la maana?" Chuo atakachosoma kipo saa moja kwa basi kutoka kwa bibi huyo. Moyo wangu unataka aisome hiyo lugha, nakiri, nataka kuliko nilivyowahi kutaka kitu, na ndiyo maana sijiamini, maana pengine namwacha mtoto apoteze nafasi yake ili mimi nijue bibi alikuwa anasema nini. Idara ya uuguzi yenyewe ilishatuambia Kinorwei hawakihitaji.

Jumamosi iliyopita ikawa sherehe ya kumaliza shule, gerejini kwetu, unajua mambo yenyewe, meza za kukunja, mikate ya nyama ya nguruwe, kahawa ya birika kubwa la kanisani, picha za Maren tangu hana meno, mji mzima unapita. Jirani yetu Duane akajaza sahani yake ya pili akaanza maneno.

"Verlyn, kwa hiyo binti anavuka bahari yote ile akasome takwimu? Takwimu si ziko hapa hapa? Angeniuliza mimi nimpe za samaki ambao sijawapata."

"Duane, kula mkate wako," Janelle akamwambia. "Kozi zote nne zinakubalika huku nyumbani, hapotezi hata moja. Na kemia niliitafuta mimi mwenyewe. Mihadhara yote anaimaliza Desemba, maabara wenzake wa kule wanafanya muhula wa pili, yeye atakuwa ameshaondoka, kwa hiyo hata mzigo wake utakuwa mwepesi."

Akina mama wa kwaya wakaitikia kwa vichwa wakasema, "Si mbaya, Janelle, si mbaya hata kidogo," na kwetu hapa hayo ni makofi na vigelegele. Maren alikuwa anakata keki. Akasema, "Mama alihangaika sana," akambusu mama yake shavuni. Kisha Janelle akanigeukia mbele ya watu wote, "Au siyo, Verlyn?"

Na mimi nikasema ja.

Shangazi, sijalala vizuri tangu siku hiyo. Chuo cha Norwei kinafunga uchaguzi wa kozi mwisho wa mwezi huu. Nimwambie mke wangu na kumsaliti mtoto aliyeniamini, au ninyamaze na kumsaliti mke wangu ambaye bado anaisimulia hiyo kemia mpaka kwa mtu wa posta? Nimlazimishe Maren airudishe kemia? Niambie la kufanya, nitalifanya.

Ni mimi, Baba Asemaye Ja

*

Bwana wa greda,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka paka akahama kiti. Mara ya pili nilivua miwani nikaifuta, na haikuwa na vumbi.

Majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba. Sasa kaa chini, weka hicho kikombe mezani, kwa sababu nina mambo ya kukuambia na mengine hayatakupendeza.

Kabla sijaanza kuzeekea kwenye ukurasa huu, nilifanya kazi miaka mingi katika ofisi ya chuo, ile inayopokea masomo ya watu waliosoma kwingine na kuamua lipi linahesabiwa na lipi linatupwa. Nimewaona vijana wakirudi kutoka ng'ambo wamejaa picha na skafu, halafu wanaambiwa nusu ya kozi zao ni hewa. Wengine walilia mbele ya meza yangu. Kosa lao karibu siku zote lilikuwa moja: walilinganisha majina ya kozi. Jina likifanana, wakafurahi, wakapanda ndege. Ndani ya kozi hawakuchungulia.

Sasa rudia maneno ya mkeo, uliyoyaandika kwa mkono wako mwenyewe. Maabara wenzake wa kule wanafanya muhula wa pili, na Maren atakuwa ameshaondoka. Wewe uliona mzigo mwepesi. Mimi niliposoma hapo nilishika simu. Nilimpigia mtu wa idara ya uuguzi, sikutaja jina la mtu wala mji, nikamuuliza kama wanapokea kemia ya ng'ambo iliyosomwa bila maabara. Hakufikiria hata kidogo. "Bila maabara? Hiyo kwetu si kemia. Hatuipokei."

Umeelewa, bwana wewe? Kozi mnayoiona ya uhakika, iliyochezewa jikoni na kusifiwa gerejini, ndiyo ambayo ingemnyang'anya binti yenu nafasi yake. Angerudi Januari anadhani amemaliza kemia. Mtu angegundua mwezi wa tano, wakati darasa la kiangazi limeshajaa, na hapo ingekuwa kwaheri uuguzi, subiri mwaka mzima ugombee upya.

Na unafikiri mtoto aliyewaandikia maprofesa wa nchi nyingine hadi wakamjibu, aliyezipekua kozi moja moja, hakuliona hilo? Aliliona, Verlyn. Ninaweka kofia yangu ya Jumapili rehani kwamba aliliona. Ulimuuliza kwa nini hamwambii mama yake, na yeye akakujibu sawasawa: Mama ndiye aliyeipata ile kozi. Ukaona anakukwepa. Alikuwa anakuambia ukweli wote, ila ulikuwa unafikiria mtaro.

Amekubali kuonekana msichana mwenye moyo laini aliyeacha kemia kwa sababu ya bibi kizee, kuliko mama yake asikie kwamba alikosea. Kambi yake anayoipenda ameitoa alipie kosa ambalo si lake, na gerejini akambusu mwenye kosa shavuni na kusema alihangaika sana. Nimewahi kukutana na madaktari wa falsafa wasio na nusu ya akili hiyo wala robo ya moyo huo. Si mbaya? Ni mzuri! Ni mzuri sana, na nalisema gazetini kwa sababu nyinyi wazazi wake hamtalisema hata mkibanwa na mlango.

Wala sisemi kwamba Borghild ni kisingizio. Mtu anaweza kuwa na sababu mbili za kufanya jambo moja. Kemia ilimwachia nafasi, na nafasi hiyo akaijaza na kitu anachokitaka. Na hapa nawe umejitesa bure: eti Kinorwei hakihitajiwi. Uuguzi hawakihitaji, sawa. Lakini shahada haitolewi na idara ya uuguzi peke yake. Chuo kizima kinamtaka kila mwanafunzi awe na masomo ya lugha na utamaduni, na hayo angeyasoma tu siku moja, apende asipende. Aende idara ya lugha, si uuguzi, na muhtasari wa kozi mkononi, kabla ya kuondoka, aombe waikubali. Nimeona kozi nyingi za namna hiyo zikipokelewa bila shida. Kwa hiyo unaweza kulala. Huuzi nafasi ya mtoto ili ujue bibi anasema nini.

Sasa nije kwako wewe. Borghild unamwambia ja kwa sababu huelewi. Mkeo unamwambia ja huku unaelewa kila kitu. La kwanza linasameheka. La pili ni aibu, na mbele ya kwaya! Sisi watu wa huku tutamalizana kwa upole, nakuambia. Mtu ana jani la mchicha kwenye jino chakula kizima cha kanisa na hakuna wa kumwambia, tusimuudhi. Janelle anaisimulia hiyo kemia mpaka kwa mtu wa posta, na watu wawili anaowapenda kuliko wote duniani wanamwacha aendelee. Kila siku mnayonyamaza, mnamwongezea watu wa kuwaonea haya. Huo ndio mnaouita upole?

Na Maren naye, kwa yote niliyomsifia, asikie hili: mama yako huzalisha watoto wa watu usiku kucha. Atalimudu neno "ulikosea". Kosa lenyewe si la ajabu, nimewaona washauri wa masomo wenye mishahara yao wakilifanya. Ulichomnyima ni nafasi ya kukusaidia, na unajua mwenyewe jinsi anavyotafuta.

Sasa fanyeni hivi. Ninyi watatu mkae mezani, siyo garini, garini kila mtu anaangalia mbele. Wewe ndiye uanze, kwa kuwa wewe ndiye uliyesema ja. Kisha Maren aeleze habari ya maabara kwa mdomo wake. Kemia ibaki nje. Kinorwei kibaki ndani. Kila kozi kati ya zile nne ipate kibali cha idara inayohusika, kwa maandishi, barua pepe inatosha, maana aliyekuambia ndiyo kwa mdomo mwezi wa sita huwa ameshahama kazi mwezi wa kwanza. Aangalie pointi, yaani uzito wa kila kozi: kule pointi mbili ni krediti moja ya kwetu, na wapo wanaoona pointi kumi wakadhani wamepata krediti kumi, wakajikuta na nusu ya masomo. Awe na kozi moja ya akiba iliyokwisha kukubaliwa, kwa sababu ratiba za kule hugongana na hapo hakuna wa kumlilia. Aulize pia kama uuguzi watataka alama ya herufi, A au B, ya saikolojia au kufaulu tu kunatosha. Hilo limewaumiza wengi. Karatasi zote za kila somo, kazi, mitihani, vitabu walivyosoma, asitupe hata moja mpaka afike nyumbani.

Na hiyo kemia ya kiangazi, mpe Janelle. Ndiyo, mpe yeye. Siku darasa linapofunguliwa kuandikisha, Maren atakuwa chuoni na mitihani yake, na nafasi hujaa haraka. Mwanamke aliyekaa kwenye kompyuta na kiatu kimoja mguuni ndiye hasa wa kazi hiyo. Safari hii aanze na kuuliza: maabara ipo?

Kambi nayo msiifute haraka hivyo. Mmuulize mwenye kambi kama anaweza kumchukua wiki zile baada ya darasa kwisha. Hakuna aliyemuuliza, sivyo? Nilijua. Hatupendi kusumbua watu.

La mwisho. Umeniomba nibadilishe majina, na nimebadilisha, lakini mji wetu una madereva wangapi wa greda wenye binti mmoja anayekwenda Norwei? Jibu hili nilikutumia nakala nyumbani Jumatatu, ndani ya bahasha yenye jina lako, ili upate nafasi ya kusema kabla ya Alhamisi. Ikiwa ulisema, vizuri, mnacheka sasa hivi. Lakini nakujua, na ikiwa bahasha hiyo bado iko kwenye droo ya greda, na leo ni Alhamisi asubuhi, na mkeo ameketi mbele yako anangoja umalize kusoma ili na yeye asome, basi msogezee gazeti, mmiminie kahawa, na akikuuliza, "Verlyn, huyu ni wewe?" hapo sasa una ruhusa yangu. Sema ja.